Tupeane uzoefu: ulizoeaje kituo chako cha kujitolea kufundisha nje ya nchi?

Chaki Moja
Salaam wakuu. Uzi huu ni wa waliowahi kwenda nje kufundisha kwa kujitolea, hasa mlioondoka mkiwa vijana, masomo yenyewe ndiyo kwanza mmemaliza. Habari za kuomba nafasi zimeshaandikwa sana. Mimi nataka tuzungumzie kile kipindi baada ya kuripoti kituoni: begi limefunguliwa, chumba umeonyeshwa, kesho asubuhi una darasa. Nini hasa kilikufanya ukazoea? Tajeni jambo lenyewe, si "uwe na subira".

Naanza. Nilipangiwa shule ya msingi, somo la Kiingereza. Kilichonituliza mimi ni kiti. Siku za mwanzo ofisini kwa walimu nilikuwa nakaa popote penye nafasi, mwenye kiti akiingia nanyanyuka. Hakuna aliyenifukuza, lakini mtu anayehamahama hivyo hakuna anayekumbuka kumwambia kitu. Mpaka mwalimu mmoja mtu mzima, mama mkimya sana, akasogeza rundo lake la madaftari, akapangusa nusu ya meza kwa kiganja, akanionyesha: hapa. Tangu siku hiyo nikaanza kusikia mambo. Ratiba imebadilika, mkaguzi anakuja, mtoto fulani kafiwa msimsumbue wiki hii. Ualimu nusu yake unafanyika pale mezani, na mgeni asiye na meza anaukosa wote.

Mkoba Mgongoni
Kwangu ni majina. Darasa limejaa, majina yenyewe ulimi wangu haujawahi kuyapita, na huwezi kusema "wewe wa shati jeupe" wakati wote wamevaa sare. Nikachora ramani ya madawati ukurasa wa mwisho wa daftari, kila kisanduku jina lake, chini nikaandika linavyotamkwa kwa herufi nilizozoea. Mwalimu wao akiita mahudhurio mimi nasimama nyuma nafuata kwa kidole.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akaniona. Akachukua penseli yangu bila kuomba, akafuta, akaandika upya jina lake, akanitazama nilitamke. Nikatamka. Akatikisa kichwa. Tena. Mara ya tatu au ya nne akakubali, na kufikia mapumziko kulikuwa na foleni ya watoto wanaotaka kunisahihisha. Kesho yake wakabadilishana viti darasa zima ili ramani yangu isifae kitu. Hapo ndipo nikajua nimepokelewa.

Mtoro wa Hesabu
Hahaha, hao wa kubadilishana viti wako kila nchi.

Mimi nilifundisha hesabu. Watu husema hesabu haina lugha. Thubutu! Kuna sehemu ambako tarakimu ya moja (1) inaandikwa na mkia mrefu wa kupandia hadi mgeni anaisoma saba, na ndiyo maana saba yenyewe wanaikata kistari katikati. Kuna nchi desimali inaandikwa kwa mkato, 3,5 badala ya 3.5. Kugawanya kwa njia ndefu nako kila mahali kuna mpangilio wake. Na kusahihisha je? Japani jibu sahihi linazungushiwa duara. Uswidi na Finlandi, alama tunayoiita ya vema kwa desturi ndiyo ya kuonyesha umekosa! Fikiria mtoto aliyepata zote anarudishiwa daftari la namna hiyo.

Kwa hiyo kabla sijagusa daftari la mtoto yeyote, niliomba nipewe madaftari ya muhula uliopita yaliyosahihishwa na mwalimu mwenyeji. Jioni nzima nayasoma kama gazeti: anaweka alama wapi, anaandika maneno gani pembeni, anasamehe nini. Semina yote ya maandalizi haikunipa kitu kama kile.

Kitabu Wazi
Wakuu, mazuri yote hayo, ila tuguse na upande mchungu. Shule niliyopelekwa ilikuwa na mwalimu wa somo lile lile. Kila mgeni akija, mwalimu ananyang'anywa vipindi. Mgeni akiondoka, anarudishiwa darasa ambalo limekuwa likicheza michezo na kupiga picha. Aliponipokea alikuwa na adabu zote, lakini macho yalisema. Ningekuwa yeye ningenuna wazi.

Niliomba tufundishe wawili. Yeye sarufi, kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Mimi matamshi na mazungumzo, kwa sababu huko ndiko nilikokuwa na cha kuongeza. Mkuu wa shule hakupenda, maana alitaka kuwaonyesha wazazi mgeni akiwa peke yake mbele. Tukavutana kidogo. Lakini baada ya hapo yule mwalimu ndiye aliyekuwa ananipa andalio la somo mapema nilipitie.

Na tusijidanganye kuhusu maandalizi. Peace Corps la Marekani, tangu 1961 wanatuma watu, na bado mjitoleaji wao anapitia takriban miezi mitatu ya mafunzo ndani ya nchi husika, mara nyingi akikaa na familia ya wenyeji, kabla ya kuanza miaka miwili ya kazi. Sisi tunaokwenda kwa wiki chache tunapewa kijitabu na fulana.

Bint Safari
Kitabu Wazi umepiga penyewe.

Mimi niseme la usiku, maana mchana una kelele za watoto zinakubeba. Kuna mwanaanthropolojia, Kalervo Oberg, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni: kwanza fungate, kila kitu kitamu, halafu kinafuata kipindi cha kuchukia kila kitu, ndipo unapona polepole. Nilitumiwa hiyo kabla ya safari, nikawa naisubiri fungate yangu. Haikuja! Nilianza moja kwa moja na kuchukia. Nilikuwa nalia chini ya neti kama mtoto. Kwa hiyo mkianza vibaya msidhani mna kasoro, si kila mtu anafuata mstari huo.

Kilichonisaidia ni kupunguza simu za nyumbani. Najua wengine mtapinga. Lakini kila nikizungumza na mama jioni, asubuhi naamka niko kwetu, mwili tu ndio uko huku.

Mtoro wa Hesabu
Napinga, dada. Mimi bila simu ya mama ningerudi na ndege ya kwanza.

Ndo Naondoka
Shikamooni wakubwa. Ninatarajia kuondoka karibuni, shule ya msingi, sijawahi kufundisha. Shirika linasema viza ya utalii inatosha kwa sababu silipwi. Ni kweli? Na kipindi cha kwanza nifanye nini?

Chaki Moja
Marahaba mdogo wangu. La viza usikubali kwa mdomo. Nchi nyingi zinahesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, na viza ya utalii hairuhusu. Uliza ubalozi wenyewe, upate jibu kwa maandishi. Cheti cha polisi kianze kushughulikiwa sasa hivi, shule yoyote inayojali watoto itakidai, na isipokidai wewe ndiye ujiulize. Kama unakokwenda wanataka chanjo ya homa ya manjano, kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichome ukiwa njiani uwanjani.

Mkoba Mgongoni
Kipindi cha kwanza: andaa cha dakika arobaini, utakimaliza kwa ishirini, kwa hiyo andaa viwili. Andika ubaoni herufi za kuchapa, usiunganishe mwandiko. Na kama inawezekana siku mbili tatu za mwanzo usifundishe kabisa, kaa nyuma utazame.

Kitabu Wazi
Nyongeza: omba barua inayotaja saa zako za kazi na mwalimu utakayekuwa chini yake. Wakishindwa kukutajia huyo mwalimu, usikate tiketi kwanza.