Tupeane uzoefu: siku mkopo wa simu ulipowapigia watu wote uliowahifadhi kwenye majina

Karani wa Stoo
Wadau, nawasalimu. Leo saa nne asubuhi, nikiwa nahesabu magunia, simu yangu iliingiza ujumbe kutoka namba nisiyoifahamu ukinitaka nimjulishe mtu fulani, majina yake matatu yakiwa yametajwa, kwamba mkopo wake umepitiliza muda na kwamba mimi ndiye niliyeandikwa kuwa mtu wake wa karibu. Mtu huyo nilikaa naye kiti kimoja ndani ya basi kutoka Makambako mwaka 2019, akanipa namba yake ili niwe namuulizia bei ya viazi, na tangu siku ile hatujawahi kupigiana. Huo ndio ukaribu wetu.

Ujumbe nimeufuta, lakini umenirudisha mwaka 2022, nilipokuwa mimi ndiye ninayedaiwa. Niliomba shilingi 100,000 za kumalizia ada ya mtoto, zikaingia 68,000 kwa maelezo kwamba nyingine zimekatwa kuwa ada ya huduma, na baada ya siku 7 nikatakiwa kurejesha 105,000. Siku ya nane shemeji yangu alinipigia akiniuliza tangu lini nimemfanya mdhamini. Naomba tupeane uzoefu: wewe walimpigia nani, na mliishi vipi baada ya hapo?

Mpangaji wa Mabibo
Walimpigia mwenye nyumba wangu. Sina la kuongeza, waliowahi kuhama usiku watanielewa.

Dawa ya Deni
Nasoma hapa na kushangaa. Mtu anakopa kwa hiari yake, anabonyeza neno Kubali kwa kidole chake mwenyewe, kisha anapodaiwa anageuka kuwa mtetezi wa haki za kidijitali. Babu zetu walishasema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na sioni sababu ya kuibadilisha dawa hiyo kwa kuwa tu siku hizi deni linaingia kwa simu.

Mpangaji wa Mabibo
Mkuu, Karani ameletewa deni la mtu wa viazi. Dawa yake yeye ni kulipa nini?

Dawa ya Deni
Afute ujumbe, kama alivyofanya. Ujumbe mmoja haujawahi kumuua mtu.

Binti wa Nyamagana
Nilikuwa nimeamua kusoma na kupita kimya kimya, lakini sentensi hiyo ya mwisho imenigusa mahali pabaya, hivyo naomba nieleze kwa kirefu.

Mwaka 2021 nilikuwa nauza vitenge kwa kutembeza, na mzigo wangu ulikwama kwa msafirishaji aliyedai kumaliziwa nauli. Nikapakua programu ya kwanza, nikapata fedha pungufu ya nilizoomba, na wiki ilipokwisha nikapakua ya pili ili kuilipa ya kwanza, kisha ya tatu ili kuilipa ya pili. Nilikuwa nafukia shimo kwa udongo wa shimo jingine. Mwezi wa pili nikashindwa, nikazima simu siku tatu, na nilipoiwasha nikakuta watu zaidi ya thelathini wamenitafuta, wakiwamo mwalimu wa kwaya, fundi cherehani na mwanamke niliyewahi kumuuliza bei ya kitanda cha mtumba.

Katikati ya hao kulikuwa na simu mbili ambazo hazikupokelewa, zikionyesha jina BABA MZAZI.

Baba yangu alifariki mwaka 2017. Namba yake sikuwahi kuifuta, na wenye wazazi waliotangulia wataelewa kwa nini. Nilikaa chini sakafuni na simu mkononi, nikiitazama kwa muda ambao siwezi kuukadiria, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa akili yangu haikufikiria kampuni ya simu wala kitu chochote cha duniani. Ikaita tena. Nikapokea. Sauti ilikuwa ya mzee, lakini ya lafudhi ya kusini kabisa. Aliniamkua kwa upole na kusema, "Binti, mimi si baba yako, nina watoto wanne na nawafahamu wote. Lakini kuna kijana amenipigia mara sita tangu jana ananiambia mwanangu ni tapeli na kwamba nimemlea vibaya. Nimeona nikupigie nikuulize kama uko salama."

Namba ya marehemu ilikuwa imekaa muda mrefu bila kutumika, ikagawiwa upya kwa mzee wa Songea. Wadai waliisoma kama nilivyoihifadhi, wakampigia kama baba, wakamtukana kama baba. Ndugu Dawa ya Deni, lile deni nililimaliza lote kwa miezi minne. Naomba unisaidie kujua mzee yule alikuwa anadaiwa shilingi ngapi.

Mama Wawili
Nimesoma nikiwa kwenye daladala na nimepitiliza kituo.

Mzee wa Makorora
Pole sana, mwanangu. Je, mzee huyo mliendelea kuwasiliana?

Mpangaji wa Mabibo
Swali hilo hilo. Haya mengine yanaweza kusubiri.

Fundi Simu Kariakoo
Wakati tunamsubiri dada, naomba nieleze jambo ambalo wateja huniuliza kila wiki. Wengi huja mezani kwangu wakitaka niifute programu ili simu ziache kupigwa, na hulazimika kuwaambia kwamba wamechelewa. Unapoipa programu ruhusa ya kusoma majina, orodha nzima inaweza kunakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta zao muda uleule, pengine kabla hata fedha haijaingia, na ukifuta programu baadaye unafuta kilichobaki kwenye simu yako tu.

Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye Play Store kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Lakini zipo zinazokwepa mlango huo kwa kukutumia kiungo cha WhatsApp, ukibonyeza inapakuliwa kwenye simu, na simu ikikuonya kwamba chanzo hakifahamiki, wewe mwenye shida ya fedha unabonyeza "endelea" bila kusoma. Kwa hiyo ukiletewa programu ya mkopo kwa kiungo, usiisakinishe. Na ukiiona yoyote inayoomba majina, nenda kwenye Mipangilio, ingia sehemu ya programu, fungua ruhusa, uzime.

Mama Wawili
Ukizima wanakataa kukukopesha.

Fundi Simu Kariakoo
Ndiyo, na hapo unakuwa umeshajua walichokuwa wanakitaka.

Niliacha Kazi
Najua nitatukanwa, lakini nimeona niseme. Niliwahi kufanya kazi ya kupiga simu hizo kwa miezi mitatu, katika ofisi ambayo sitaitaja, tukiwa chumba kimoja na vifaa vya kusikilizia masikioni, kila mmoja akiwa na lengo lake la makusanyo kwa siku. Mteja akichelewa, orodha yake ya majina ilifunguka kwenye kioo mbele yetu. Tulifundishwa kuanza na waliohifadhiwa kwa undugu, yaani Mama, Baba, Mume Wangu, kisha Bosi, kisha Mchungaji au Ustadhi, kwa sababu aibu ya hao ndiyo inayolipa haraka. Watu waliohifadhiwa kwa majina yao ya kawaida tuliwaachia ujumbe wa pamoja, kama huo wa Karani. Hakuna aliyetueleza kama Baba aliyeandikwa pale yu hai. Dada wa Nyamagana, si mimi niliyepiga, kwa kuwa nilianza kazi mwaka uliofuata, lakini wapo niliowapigia kwa namna hiyohiyo.

Mpangaji wa Mabibo
Ulilipwa kwa kutukana wazazi wa watu, na leo unatuletea ushuhuda.

Niliacha Kazi
Nililipwa, na nilikuwa na kodi ya nyumba kama wewe uliyehama usiku.

Mzee wa Makorora
Vijana, taratibu. Huyu ametueleza jambo ambalo sisi wengine tusingelijua. Mwacheni aseme.

Mama Wawili
Basi suluhisho ni dogo. Leo usiku nabadilisha majina yote, mama namwandika kwa jina lake la kwenye kitambulisho na mume wangu namwandika Fundi Bomba.

Fundi Simu Kariakoo
Ukipata ajali barabarani, atakayeiokota simu yako atampigia nani? Fundi bomba?

Mama Wawili
Hapo sijui. Labda nibakize Mama peke yake na nimweleze mapema.

Mkaazi wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya yalitukuta kabla yenu, na hatimaye sheria ikafuata. Kanuni za Benki Kuu za watoaji wa mikopo ya kidijitali za Machi 2022 zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho na matusi, na zinamkataza pia kuichukua orodha ya majina ya mteja ili awatumie watu hao ujumbe malipo yanapochelewa. Juu ya hizo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo faini yake yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea ipi iliyo ndogo. Kaka yangu, ambaye hakuwahi kukopa hata senti, alipigiwa wiki nzima kwa deni la mfanyakazi mwenzake. Aliwaandikia barua akiwauliza namba yake waliipata kwa idhini ya nani, akawaarifu kwamba nakala inakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na simu zikakoma.

Karani wa Stoo
Hilo ndilo jambo linalonikera tangu asubuhi, na dada wa Likoni amelisema vizuri. Mimi nilipobonyeza Kubali nilikuwa na namba 412 kwenye simu, na katika hizo iliyo mali yangu ni moja. Nyingine 411 nilizitia rehani bila wenyewe kuulizwa. Hata kwetu Tanzania sheria ipo: ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu nayo ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa, tazama kwanza kama anayekukopesha ana leseni.

Dawa ya Deni
Kuhusu mzee wa Songea, naondoa kauli yangu ya ujumbe mmoja. Kuhusu kulipa, nabaki pale pale.

Mpangaji wa Mabibo
Tumekusikia. Hakuna aliyesema tusilipe.

Binti wa Nyamagana
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na wateja. Mzee Makorora, ndiyo, tuliwasiliana. Siku ileile alinishauri nisiwapokee kwa hasira, nikakubali, kisha nikawapokea kwa hasira. Wadai waliendelea kumpigia kwa siku tisa zaidi. Nilipomwomba msamaha akaniambia kwamba mara ya mwisho aliamua kuwajibu kama baba kweli, akawauliza wao nani aliyewalea, wakakata simu na hawakumpigia tena. Kwa wanaouliza kama nimebadilisha jina kwenye simu: sijabadilisha.

Mzee wa Makorora
Mungu amlipe mzee huyo.

Karani wa Stoo
Narudi kwa jambo dogo. Baada ya kusoma yote haya nimempigia yule mtu wa viazi. Simu imeita mara ya kwanza ikakatwa, nikamtumia ujumbe kwamba ni mimi wa basi la Makambako, ndipo akapiga mwenyewe. Sikumtajia lolote. Nilimuuliza viazi vinaendaje, akanitajia bei ya gunia, akanieleza kuhusu mvua na ubovu wa barabara, kisha akanyamaza kidogo na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe wamekuandikia?"