Ami yangu apendekezwe tuzo ya watetezi wa haki, au tutamletea balaa?

MwanaAmu84:
Assalam alaikum jamaa, naomba ushauri kabla sijaharibu. Ami yangu ni mvuvi, umri umeenda sasa, lakini tangu mambo ya bandari ya Lamu yaanze kule Kililana yeye ndo alikuwa akizunguka na mashua mpaka Pate na Kizingitini kuwaambia wavuvi watoe ushahidi, mafuta ya mfukoni mwake, siku ngapi hakuvua hata hesabu sina. Mahakama ilipoamua 2018 wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 alilia pale barazani mbele ya watu, asubuhi akarudi baharini. Vita vya kupinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi pia alikuwemo. Sasa binamu yangu alioko Mombasa ameona tuzo za watetezi wa haki anataka tujaze fomu kimyakimya, ami aje ashtukie tu amechaguliwa. Mimi roho haitulii. Kuna usiku watu tusiowajua walikuja wakamuulizia mlangoni, tangu siku hiyo mkewe hulala na kufuli mbili. Jina likitangazwa litamkinga ama litamuanika?

BintiMalindi:
Wa alaikum salaam. Kakangu, msithubutu kumjazia bila yeye kujua. Humo mtaandika vitisho alivyopata, anakoishi, alioshirikiana nao, na hizo ni siri zake. Lakini usiogope tuzo yenyewe. Front Line Defenders, shirika la kulinda watetezi lililoko Dublin, Ireland, wanatoa yao tangu 2005 na imewekwa makusudi kwa watetezi walio hatarini, maana anayetaka kukudhuru akijua dunia inakutazama hufikiri mara mbili. Mimi naamini inasaidia, nimekaa na watetezi hapa Malindi nimeona. Ila saa nane ya usiku mtu akigonga mlango huko Amu (Lamu), wa kwanza kufika ni jirani si Dublin, kwa hivyo majirani waambieni mapema.

Nahodha_Kale:
Angalieni Phyllis Omido wa Owino Uhuru hapo Mombasa, aliyepigania watu waliodhurika na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwandani. Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, walimtuza 2015, hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 ikaja 2020, ikapinduliwa kwenye rufaa, mpaka Mahakama ya Juu mwisho wa 2024 ndo ikairudisha. Yaani tuzo ilimpa sauti lakini kazi ilibaki palepale, ami yako ajue hivyo asije akavunjika moyo. Na hiyo Goldman haina fomu ya wananchi, majina hupelekwa kwa siri na mashirika na watu wa mtandao wao, kwa hivyo mtu akikuletea fomu ya Goldman na ada ya kusajili huyo ni mwizi.

Mtu_wa_Shela:
Kwa nini muanzie Ulaya? Defenders Coalition, shirika la watetezi wa haki la hapahapa Kenya, wana tuzo zao, na ile ya mtu aliyetumikia haki maisha yake yote wameipa jina la Munir Mazrui, mtu wetu wa Pwani. Kwa mzee kama huyo naona ndo mahali pake. Linalonitia hofu mimi ni fitna. Fidia yenyewe ilivyochelewa, halafu mtu mmoja apande jukwaani apigwe picha, kuna watakaosema amekula peke yake. Andikeni kazi ya wote hata kama jina ni lake.

MwanaAmu84:
Shukran sana. Jana baada ya isha nimemuuliza mwenyewe, mkewe akiwa hapo. Alinyamaza kitambo nikadhani amekasirika, kisha akasema atakubali kama tutawataja akina mama wa chaza waliokuja kortini na watoto mgongoni, na wenzake wawili wa ile mashua ambao wametangulia mbele ya haki. Mkewe akasema picha ya nyumba isitoke popote. Bintimalindi dadangu, ana begi zima la makaratasi ya kesi, mengine yameingia maji ya chumvi, nikija nayo Malindi wiki ijayo utanisaidia kuyapanga?

BintiMalindi:
Njoo. Usiyatume kwa simu.