Eti nimwombe jogoo msamaha! Tena mbele ya mama mkwe!

MuuzaKuku_Pongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Tanga, salamu baadaye. Nimeingia ndani sasa hivi, hata baiskeli sijaiegemeza vizuri, naandika huku damu inachemka.

Yule mnamjua, sina haja ya kumtaja. Miwani ya jua, simu kwenye kijiti, kila siku yuko Ngamiani anatafuta nani kamwonea mnyama. Mlimwona alipomfuata mzee wa mkokoteni wa ng'ombe. Mlimwona alipowazuia watoto na paka wao. Leo zamu imenifikia mimi.

Nimetoka Pongwe alfajiri na kuku wa kienyeji, majike kwenye tenga nyuma, majogoo nimewafunga miguu kwa kamba ya katani, wako usukanini. Kila muuza kuku wa mji huu anabeba hivyo. Nafika karibu na soko la Mgandini, mama mkwe wangu kakaa kwa muuza maandazi ananisubiri, maana jogoo mkubwa ni wake, binti yake mdogo anatoka arobaini ya uzazi Jumamosi. Nimeshamwona, nimeshapunguza mwendo nimwamkie. Mara mkono wa mtu huu hapa juu ya usukani wangu!

Shikamoo hakuna. Mimi nina mvi, yeye nikimzaa atakuwa mwanangu wa nne, lakini shikamoo hakuna. Simu usoni, kisha ananiuliza, "Ungependa wewe uning'inizwe hivi?" Nikamjibu kwa upole, mwanangu, niachie usukani watu wananisubiri. Akatoa mkasi. Akakata kamba zote!

Jogoo mmoja kaingia chini ya bajaji. Mwingine kapita juu ya meza ya dagaa, dagaa wote chini, muuza dagaa ananidai mimi wala si mwenye mkasi. Wa tatu mpaka naandika hapa sijamwona, nadhani keshavuka mpaka yuko Mombasa.

Hayo yote ningeyameza. Kuku hukimbia, kuku hukamatwa. Lakini jogoo wa mama mkwe hakukimbia. Yule mtu akamwokota, akamkumbatia kifuani, akanigeuzia simu, akasema kwa sauti iliyofika Pemba: "Muombe msamaha."

Nikageuka nyuma kuangalia nimemkanyaga nani. Kumbe jogoo!

Nimwombe JOGOO msamaha. Mimi. Mbele ya mama mkwe kajifunika mdomo kwa mtandio. Huyu mama tangu nimemwoa binti yake hajanisikia hata nikikohoa kwa nguvu. Namwamkia nimeinama, nikimpa kitu nampa kwa mikono miwili. Leo kasikia mkwewe anaamrishwa aombe radhi kwa kitoweo! Na watu wa baraza zima wanaitikia "muombe, muombe"!

Na nawauliza, mdondo ukiingia banda zima likilala chini vichwa vimepinda, mwenye mkasi huwa yuko wapi? Chanjo ya tone la jichoni nainunua mimi kila baada ya miezi 3, nawashika kuku mmoja mmoja usiku kwa tochi, mke wangu kashika kichwa mimi nadondosha. Hapo hakuna simu wala kijiti. Nawapenda kuku wangu kuliko anavyowapenda yeye, maana mimi nawajua hata wanavyolia wakiumwa. Halafu aje aniambie niombe msamaha!

Jogoo! Msamaha! Wallahi usiku huu silali.

BintiChumbageni

Pole baba. Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Swali moja tu, uliomba au hukuomba?

MuuzaKuku_Pongwe

Sikuomba! Na sitaomba!

FundiBaiskeli_Makorora

Mkuu, video imeshatua kwenye kundi letu. Midomo yako inacheza. Uliomba.

MuuzaKuku_Pongwe

Nilikuwa nasema astaghfirullah! Sauti wameikata makusudi!

MzeeWaBaraza21

Mimi nilikuwepo. Jogoo mwenyewe alionekana kasamehe.

DaktariMifugo_Muheza

Ndugu mwenye uzi, pole kwa fedheha, hukustahili kuvunjiwa heshima hadharani. Ila niseme la kitaalamu. Kuku hana kiwambo cha kifua kama sisi. Akining'inizwa kichwa chini, matumbo yanalalia vifuko vya hewa na anapumua kwa shida, ndiyo maana wanatulia, watu wanadhani wamelala. Kwa safari ya Pongwe hadi mjini wengine wanafika na mguu uliotoka kwenye kiungo. Na sheria tunayo, ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2008, inahusu pia jinsi ya kusafirisha. Watie wote kwenye tenga.

MuuzaKuku_Pongwe

Daktari nakuheshimu. Lakini majogoo manne ya nyumba tofauti kwenye tenga moja, nikifika Mgandini nina macho manane au nina manne? Wanatoboana! Na angekuja kuniambia kama ulivyoniambia wewe, kwa salamu, kando, ningemsikiliza mpaka mwisho. Yeye kaniambia nimwombe jogoo msamaha. Mbele ya mama mkwe!

MsomiRaskazone

Wakuu haya hayakuanzia Tanga. Marekani kuna chama kinaitwa PETA, kipo tangu 1980, na kazi yao ni kuchokoza watu mpaka wazungumzwe. Mwaka 2008 waliwaandikia wenye aiskrimu ya Ben & Jerry's waache maziwa ya ng'ombe watumie maziwa ya akina mama. Mwaka huohuo wakaanzisha kampeni ya kuwaita samaki vipaka vya baharini ili watoto waone huruma kuwala. Juni 2009 Obama kaua inzi kwa kofi katikati ya mahojiano ya televisheni, wakampelekea kifaa cha kunasa inzi akiwa hai akatolewe nje. Wanajua kabisa watu watakasirika. Hasira yenu ndiyo tangazo lao, na huyu wetu kasoma darasa hilohilo. Mnavyoisambaza hiyo video mnamfanyia kazi bure.

BintiChumbageni

Subiri kwanza. Maziwa ya akina mama gani??

MamaPacha_Duga

Mimi nina pacha na ya kwao hayatoshi, nitoe wapi ya aiskrimu? Hao watu wana watoto kweli?

MsomiRaskazone

Kampuni ilikataa, mama, tulia. Na tusiwaseme kwa mabaya tu. Mwaka 1981 walifichua maabara moja pale Silver Spring, Maryland, kima wanafanyiwa majaribio kwenye uchafu wa kutisha. Kelele zile zilichangia Marekani kurekebisha sheria yake ya wanyama mwaka 1985.

Mvuvi_Sahare

Vipaka vya baharini! Haya sasa ngoja niseme langu. Hapa Tanga miaka nenda rudi baruti zimelipuka mchana kweupe, tunasikia kishindo tukiwa tunakunywa chai. Matumbawe yamesagika, changu wachanga wanaelea matumbo juu, nusu wanazama hawaokotwi hata na mlipuaji. Mwenye mkasi nani alimwona ndani ya ngalawa? Samaki mmoja tu ndiye aliyepata wenyewe, silikanti. Wazungu walidhani katoweka zama za mijusi wakubwa mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938, halafu sisi tukaanza kumtoa kwenye jarife hapahapa Tanga, na mwaka 2009 akatangaziwa hifadhi yake ya bahari. Vizuri sana. Lakini sisi wa nyavu ndogo tumebaki tunaambiwa hapa usitege, pale usipite. Mwenye uzi kapoteza jogoo mmoja, mimi nimepoteza mwamba niliovulia na marehemu baba.

MuuzaKuku_Pongwe

Pole ndugu yangu, lakini uzi huu ni wa jogoo.

MtuWaHandeni

Mimi nawatetea kidogo hawa watu. Ngozi za punda zilipoanza kutakiwa China kwa ajili ya dawa yao ya ejiao, punda wa vijijini walikuwa wanakwisha, na mwanamke wa kwetu bila punda maji anayabeba kichwani. Waliopiga kelele ni watu wa haki za wanyama, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika pale Addis Ababa wakakubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Punda wangu yupo uani sasa hivi anakula.

FundiBaiskeli_Makorora

Huyo punda ulishamwomba msamaha?

MtuWaHandeni

Kila nikimpakia madumu.

Shangazi_Mikanjuni

Mmemaliza? Maana mimi mnyama wangu hatetewi na hatetei. Kuna mbuzi hapa Mikanjuni, mwenye nyumba wake mnamjua, msinilazimishe kutaja. Leo kala kanga yangu mpya juu ya kamba, doti nzima haijakatwa wala kupindwa, kabakiza pindo na nusu ya maandishi. Nimeenda kulalamika naambiwa "mbuzi hana akili, dada". Mwenye mbuzi je? Huyo mwenye mkasi aje huku, amfunge mtu mzima kamba ya katani amning'inize!

MzeeWaBaraza21

Mbuzi wa kahawia, pembe moja imekatika?

Shangazi_Mikanjuni

Huyohuyo!

MzeeWaBaraza21

Kala miche yangu ya mchicha Jumapili, na kadi ya harusi iliyokuwa kwenye kiti.

MamaPacha_Duga

Mbona huyo anafika mpaka huku Duga? Kaingia jikoni kanywa uji wa watoto ukiwa wa moto!

MuuzaKuku_Pongwe

Wakuu, mada. Mama mkwe kapiga simu kwa mke wangu, anauliza kama jogoo wa Jumamosi bado yupo au nimemwachia huru. Nimjibu nini?

BintiChumbageni

Mpelekee jike baba. Shangazi, huyo mbuzi ana kengele shingoni? Maana kuna mmoja kapita dirishani kwetu sasa hivi.

Shangazi_Mikanjuni

Kengele anayo! Mshike! Usimpige, mshike tu, nakuja na bodaboda!