Ukomo wa mihula miwili Marekani: ulinzi wa wananchi au kisasi kwa marehemu?

Mleta mada:
Wakuu, tumezoea kuambiwa kwamba rais wa Marekani hutawala mihula miwili tu kwa sababu George Washington aliondoka hivyo mwaka 1797. Ile ilikuwa desturi, haikuwa sheria, na kuna waliojaribu kuivunja. Ulysses Grant alitaka kurudi 1880, chama chake kikampitisha James Garfield. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameshatawala na kuondoka, alirudi 1912 na chama kipya, akapigwa risasi Milwaukee akienda kuhutubia, akahutubia hivyo hivyo risasi ikiwa kifuani, na bado Woodrow Wilson akamshinda. Aliyefaulu ni Franklin Roosevelt pekee: 1932, 1936, 1940 na 1944.

Sheria ilikuja ameshazikwa. Republican, chama pinzani cha Roosevelt aliyekuwa Democrat, walitwaa Congress (bunge la Marekani) katika uchaguzi wa 1946, na 1947 wakapitisha Marekebisho ya 22 ya Katiba, yanayokataza mtu kuchaguliwa rais zaidi ya mara mbili, bila hata mmoja wao kupinga. Majimbo yakaidhinisha 1951. Cha kuchekesha, wa kwanza kubanwa alikuwa Rais Eisenhower, mtu wa chama chao wenyewe!

Mimi nasema hata kama nia ilikuwa kisasi, ukomo ubaki. Karibuni.

Mchangiaji 1:
Napinga, mkuu. Mifano yako mwenyewe inakuangusha. Grant alikataliwa na chama, Theodore akakataliwa na wapiga kura. Sheria ya nini tena? Mwaka 1940 Ufaransa imeshaanguka mbele ya Hitler, Wamarekani wakaamua Roosevelt aendelee, mpinzani wake Wendell Willkie akakosa. Nani aliwalazimisha? Hata Rais Reagan alisema katazo hilo linawanyima wananchi haki ya kumchagua wamtakaye.

Mleta mada:
Ya 1940 nakuachia. Shida ni 1944. Machi mwaka huo madaktari walimpima Roosevelt wakakuta moyo unashindwa kazi na shinikizo la damu liko juu mno. Wananchi hawakuambiwa. Akaapishwa Januari 20, 1945, Aprili 12 akafariki, na makamu wake Truman alikuwa hajaelezwa habari za bomu la atomiki. Sasa ukisema wapiga kura waliamua, waliamua wakijua nini? Rais akikaa sana huzungukwa na watu ambao ugali wao wote unategemea yeye abaki. Hao hawatoi siri.

Mchangiaji 1:
Wilson alipooza 1919, akiwa ndani ya mihula yake miwili halali, na mkewe na daktari wake wakaficha. Ukomo ulisaidia nini hapo? Dai sheria ya afya ya rais, usiwafunge mikono wapiga kura.

Mchangiaji 2:
Mnabishana bila kusoma masharti. Kinachokatazwa ni *kuchaguliwa* zaidi ya mara mbili. Aliyerithi kiti na kutumikia zaidi ya miaka miwili ya muhula wa mwenzake huchaguliwa mara moja tu. Ford alimrithi Nixon Agosti 1974, kwa hiyo hata angeshinda 1976 asingegombea 1980. Lyndon Johnson alimrithi Kennedy Novemba 1963, chini ya miaka miwili kabla ya muhula kuisha, akawa na ruhusa ya kugombea tena 1968, akajitoa mwenyewe. Ndiyo maana wapo wanaodai rais wa zamani anaweza kuwa makamu kisha akarithi. Marekebisho ya 12 yanasema asiyestahili kuwa rais hastahili kuwa makamu, lakini wao wanajibu kwamba kutochagulika si kutostahili. Mahakama Kuu haijawahi kuamua hilo.

Mchangiaji 3:
Sisi wa Burundi hesabu hizo tunazijua. 2015 waliomtetea Rais Nkurunziza agombee muhula wa tatu walisema muhula wa 2005 hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na bunge, si wananchi. Mahakama ya Katiba ikakubali. Maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania na Rwanda.

Mleta mada:
Asante kwa hilo. Na Marekani kwenyewe, Januari 2025 mbunge Andy Ogles wa Tennessee alipeleka pendekezo la kuruhusu muhula wa tatu, isipokuwa kwa aliyechaguliwa mara mbili mfululizo. Yaani Clinton, George W. Bush na Obama nje, Trump ndani kwa kuwa mihula yake haikufuatana. Wale wa 1947 angalau walimtoa Truman, aliyekuwa madarakani, kwenye katazo lao. Mchangiaji wa kwanza, hii nayo ni haki ya wapiga kura?

Mchangiaji 1:
Hapana, hiyo siungi mkono. Mlango ukifunguliwa, ufunguliwe kwa wote. Obama naye agombee, tuone kama bado wataitaka.