Tupeane uzoefu: potulaka na maua mengine yanayotambaa chini, kwenu yanakubali?

Kigamboni_Mchangani

Wakuu, habari za humu. Kila masika yakikatika maswali ni yale yale: potulaka zangu zimeoza, zimerefuka hazitoi maua, fundi wa bustani kasema nimwagilie asubuhi na jioni. Badala ya kujibiana kimoja kimoja, kila aliye nazo aseme yuko wapi, udongo wake ukoje, anamwagilia vipi na nini kimemkubalia. Maelezo ya nyuma ya pakiti ya mbegu tumeshayasoma wote, tuacheni.

Naanza mimi. Kiwanja changu Kigamboni ni mchanga mtupu, mchicha wenyewe haunenepi. Potulaka imepapenda. Asili yake ni Amerika Kusini, huko Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, na inapenda mahali pa mchanga na mawe ambapo maji hayakai. Nimeipanda chini ya ukuta wa mbele, jua linapiga toka asubuhi hadi alasiri. Kimo chake hakizidi shubiri, inajisambaza yenyewe. Maua yanafunguka kwenye saa tatu au saa nne, jioni yamefumba, na lililofumba leo halirudi tena, kesho linachanua jingine. Siku ya mawingu hayahangaiki hata kufunguka, msidhani yanaumwa.

Maji namwaga pale tu udongo ukishakauka hadi ndani, nachomeka kidole kuhakikisha. Kinachonisumbua ni masika. Machi ikielekea mwisho nakata vichwa vyenye urefu wa kidole, nachomeka kwenye makopo ya rangi niliyoyatoboa chini na kuyajaza mchanga wenye samadi kiduchu iliyooza vizuri, nayaweka barazani penye mwanga ila bati linayakinga. Ya nje nawaachia mvua. Juni narudisha uwanjani, na kabla mwezi haujaisha ukuta umeshajaa rangi. Jirani yangu kila mwaka ananunua miche mipya barabarani, na kila mwaka namwambia.

Syokimau_UdongoMweusi

Wewe umebarikiwa mchanga, ndugu yangu. Huku kwetu ni ule udongo mweusi: mvua ikinyesha unanata kama ugali ambao haujaiva, jua likiwaka unapasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Aliyekuwa akitutunzia shamba zamani alipanda potulaka moja kwa moja ardhini, na mvua za Aprili zikaozesha mashina pale pale yanapogusa udongo. Juu majani bado mabichi, ukishika shina linakatika mkononi.

Tulichofanya ni kuinua. Tumejenga tuta la mawe, kimo futi moja hivi, kokoto chini, juu yake mchanga wa mto na udongo mwekundu nusu kwa nusu, mboji ngumi chache tu. Maji yanapita yote. Tangu hapo kuoza nimekusahau, ila niseme ukweli kuhusu Julai: Nairobi na viunga vyake ni baridi na mawingu wiki nzima, na potulaka hukaa tu bila ua. Watu wanafikiri ina njaa wanaongeza mbolea. Iacheni. Jua likirudi mwishoni mwa Agosti itachanua bila kuombwa.

Kwenye mteremko wa kuelekea getini sikuweka potulaka, niliweka aptenia. Mtakuwa mmeiona mjini, majani mazito yanayong'aa yenye umbo la moyo, viua vidogo vyekundu vyenye kuelekea pinki. Hii ni ya huku huku Afrika, asili yake Afrika Kusini. Inavumilia kivuli kidogo na baridi kuliko potulaka, na inashika udongo usiteremke na mvua. Shida yake ni ulafi. Usipoipunguza pembeni kwa panga inaingia kwa jirani. California na kwenye pwani za Mediterania imeshatoroka bustanini ikawa gugu, kwa hiyo mnaokaa karibu na mto au msitu fikirieni mara mbili.

Bi_Mwanakwerekwe

Mie nina neno moja tu. Kuku. Nyote mnasema mvua, mnasema udongo, hakuna aliyesema kuku! Majani yale manene kuku anayapenda kuliko mtama. Zangu nimezitundika ukutani kwenye makopo na vifuu vilivyotobolewa, zinaning'inia chini na maua yake. Wanazitazama tu.

Kigamboni_Mchangani

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la kuku tumelipokea.

Moro_Kitalu

Nazungumzia mbegu, maana wengi mnasema hazioti. Mbegu za potulaka ni ndogo mno, unga wenye rangi ya kijivu, na zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifukia umeshazizika. Mimi nazichanganya na mchanga mkavu uliochekechwa, nanyunyiza juu ya kitalu, nabonyeza kwa ubao basi. Sitii udongo juu. Maji napiga kwa bomba la kupulizia, kwa sababu keni inazihamisha zote zikajikusanye kona moja. Kwa joto la Morogoro zinaota ndani ya wiki moja mpaka mbili. Zikishika nguvu napunguza, mche na mche uachane shubiri moja au zaidi kidogo.

Mnaotaka kuvuna mbegu wenyewe: ua likishanyauka hubaki kidonge chini yake. Kikikauka kinafunguka kwa juu, kina kifuniko kabisa, na upepo ukipita mbegu zimemwagika. Kwa hiyo vuna kinapoanza kugeuka rangi, kaushia kwenye sahani. Ila yale maua yaliyojazana petali hadi katikati yanatoa mbegu chache, na ukiotesha mbegu za aina chotara usishangae kupata rangi ambayo hukuipanda. Ukiipenda rangi fulani, tumia kipandikizi. Wateja wangu hawanielewi kwenye hili mpaka wakione kwa macho.

Mbagala_Mgeni

Samahani wakuu, mimi sina uzoefu, nina swali. Zangu zimerefuka sana, majani mabichi ya kupendeza, lakini maua hakuna. Nimezipanda chini ya mwembe ili jua lisiziunguze, na samadi ya kuku naweka kila mara.

Moro_Kitalu

Mdogo wangu, umeuliza na kujibu humo humo. Toa mwembeni. Potulaka inataka jua kamili, angalau saa sita kwa siku, na kadiri linavyokuwa kali ndivyo inavyochanua. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, inalisha majani. Kata mashina yaliyorefuka, bakisha nusu, hayo uliyokata chomeka mahali pa jua. Usiyamwagilie sana wakati yanashika mizizi, yana maji yao ndani.

Syokimau_UdongoMweusi

Na hiyo samadi peleka kwa sukuma wiki.

Muscat_Roshani

Salamu kutoka Oman. Huku hesabu inageuka, maana kiangazi joto linapita digrii 40 na hakuna mvua ya kuozesha kitu. Potulaka ni katika maua machache yanayochanua Julai wakati petunia zimeshakufa zote. Lakini ile habari ya "usimwagilie" haifai huku kwa mwenye kuotesha vyunguni. Chungu cheusi kwenye roshani kinachemka, mizizi inaungua. Nimehamia vyungu vyeupe vya udongo, namwagilia alfajiri kabla jua halijatoka, maji yapite hadi chini, kisha mpaka kesho. Mchana usiguse.

Nataka pia nikutajieni mmea mwingine, ambao nyinyi wa pwani mnaukanyaga kila siku. Kwenye bustani za barabarani huku Ghuba wamepanda sana sesuvium, imetanda chini, majani manene marefu, viua vya pinki vidogo. Wanaipenda kwa sababu inavumilia chumvi, hata maji yasiyofaa mimea mingine inakunywa. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nikacheka, kwa sababu ndiyo ile ile inayoota ufukweni kwetu, pembezoni mwa mikoko, bure. Huku imewekewa mabomba ya matone! Wenye viwanja karibu na bahari ambao maji ya kisima yana chumvi, jaribuni kuchomeka vipande vyake kabla hamjalia na potulaka.

Kigamboni_Mchangani

Mkuu, hii ya sesuvium imenigusa. Nyuma ya nyumba kisima changu kina chumvi na sijapanda kitu. Jumamosi naenda ufukweni na panga.

Denver_Mkongomani

Miye niko Denver, huku Colorado. Potulaka tunaipanda kisha baridi ya mwisho, jalidi ya kwanza ikiingia imekwisha, ni ya mwaka mmoja tu. Ile inayobaki ardhini ni delosperma. Hii nayo inatoka Afrika, kule juu upande wa Lesotho na Afrika Kusini kwenye milima inayopata theluji, ndiyo maana haiogopi. Bustani ya mimea ya hapa Denver ndiyo imeitangaza sana, leo iko mbele ya nyumba nyingi, zambarau, njano, nyekundu.

Watu wa hapa wakiipoteza wanasema baridi iliiua. Mara nyingi ni maji. Theluji inayeyuka, udongo unakaa umelowa wiki nyingi, shina linaoza. Zangu ziko kwenye kilima cha changarawe na juu nimetandaza kokoto ndogo, siweki maganda ya miti kwa sababu yanashika unyevu. Kwa hiyo nikisoma hapa mambo ya masika nasema ni ugonjwa mmoja, kwenu unaletwa na Aprili, kwetu na theluji.

Mwanza_Maweni

Hakuna aliyetaja wadudu. Kwangu ni vidung'ata, vile vyeupe vyenye unga, hukaa kwenye makutano ya jani na shina, hasa mimea ikibanana. Napangusa kwa pamba yenye spiriti, zilizozidi nakata na kuchoma. Konokono wanakuja usiku baada ya mvua, nawaokota kwa tochi. Kuhusu udongo sina la kuongeza, kwetu ni mawe, nimezichomeka kwenye nyufa zenye vumbi la changarawe na zimeridhika.

Nina jingine ambalo siyo la utunzaji. Mwanangu alikuwa anawinda nyuki wadogo wasiouma wanaojaa humo asubuhi, akaniita: "Baba, ua linacheza." Nikadhani utoto. Akachukua kijiti cha nyasi, akagusa zile nyuzi za njano za katikati zenye chavua, na kweli zikajikunja polepole kuelekea upande aliougusa. Jaribuni saa nne au tano, jua likiwa kali. Sasa kila mgeni anayefika nyumbani lazima aonyeshwe kwanza ndipo apewe kiti.

Bi_Mwanakwerekwe

Nimejaribu. Kweli linacheza.

Moro_Kitalu

Hizo nyuzi zinapindia upande zilikoguswa, nyuki akizunguka humo anapakwa chavua vizuri. Mwanao ana jicho.

Mbagala_Mgeni

Nimeshahamisha. Kuna aliye na ile ya rangi ya chungwa yenye petali nyingi? Ninayo nyekundu ya kubadilishana.

Kigamboni_Mchangani

Ninayo mimi, njoo Kivukoni Jumapili uvuke na pantoni. Na wa mikoani: vipandikizi vinasafiri siku mbili tatu kwenye basi bila shida, ila vifungeni kwenye gazeti kavu. Vikifungiwa ndani ya nailoni vinatoa jasho na kufika uji. Ukivipokea viache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha chomeka. Weka rangi uliyonayo na mkoa wako hapa chini.

Moro_Kitalu

Morogoro: njano, nyeupe, na pinki yenye michirizi. Hiyo ya michirizi nabadilishana kwa zambarau tu, siyo kwa nyingine.