Msaada wakuu: LASIK, PRK au SMILE? Nimechanganyikiwa

Macho4: Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri kwa aliyewahi kufanya leza ya macho. Miwani navaa tangu form two, sasa hivi nipo minus 5 na nimechoka, asubuhi ukiingia mwendokasi pale Kimara ilivyojaa miwani inapiga ukungu hata kituo cha kushuka hukijui. Nataka niende India nimalizane nayo. Ipi haiumi na ipi unawahi kurudi kazini?

Kitumbua: Vaa miwani dogo, ticha wangu wa hesabu alivaa mpaka anazikwa.

DadaTabata: Mi nilifanya PRK 2019. Hawakati kifuniko, wanakwangua ile ngozi ya juu kabisa ya jicho ndo wanapiga leza, halafu wanakuwekea lenzi laini kama bandeji. Siku tatu nililia kama wamenikatia vitunguu gunia zima chumbani, kanga usoni, mtu akifungua mlango tu nampigia kelele. Kuona vizuri kabisa ni wiki kadhaa. LASIK wanakata kifuniko chembamba, wanafunua, leza, wanarudishia, kesho yake wengi wanaona. SMILE leza inachonga kipande ndani kwa ndani kinatolewa kwa katundu ka milimita chache.

Mkongwe: Una miaka mingapi, na namba imetulia?

Macho4: 24. Namba iko sawa tu.

Mkongwe: "Sawa tu" ndo nini? Mwaka jana ilikuwa ngapi?

Macho4: 3.75. Sio mabadiliko makubwa jamani. Halafu kuna daktari mmoja hapa mjini aliniambia konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ni nyembamba nisifanye LASIK, ila na yeye anauza miwani, unategemea aseme nini? Pikipiki nimeshauza, tiketi nimekata.

MamaWawili: Vijana wa siku hizi mnauza vitu kwanza ndo mnauliza. Mume wangu aliuza friji hivyohivyo.

Kishoka: Chai hii. Kwenye uzi wa bodaboda si ulijisifu unapiga kazi mpaka saa nane usiku? Minus 5 ungeshagonga nguzo.

Macho4: Nilikuwa navaa miwani. Na ndo maana nimeiuza, usiku taa za magari zilishanishinda.

Mkongwe: Zinafanyaje?

Macho4: Zina mikia inaning'inia kwa chini. Herufi nazo nikifumba jicho la kushoto naona kila moja na kivuli chake. Miwani mpya haijasaidia.

Mkongwe: Unasugua macho?

Macho4: Nina aleji tangu utotoni mkuu, nasugua mpaka raha.

Mkongwe: Basi achana na habari ya ipi haiumi. Hiyo inanukia keratokonasi, konea inakonda inachongoka kwa mbele. Kukata hapo ni kutoboa dirisha kwenye ukuta wenye ufa. Rudi ukapigwe ramani ya konea, ikithibitika kuna matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV vinaikaza isiendelee. Hiyo haikuvui miwani lakini. Mdogo wangu alianza hivyohivyo, na yeye alisema namba iko sawa tu.

Macho4: Karatasi ya vipimo ninayo. Unene wa konea kulia mikroni 462, kushoto 487. Nilijua ikiwa ndogo ndo nzuri, kama presha.

Mkongwe: Watu wengi ni kwenye 540 hivi.

Kishoka: Narudisha kikombe.

Macho4: Wakuu, tiketi ya ndege ukiahirisha wanarudisha hela?