Gari la zamani linazima likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta): nikaze skrubu, nisafishe throtoli au nibadilishe valvu?

MkwecheWangu
Wakuu, naombeni mawazo. Gari langu lina miaka 20 na ushee, injini ya silinda 4 ya nozeli (mafuta yanapulizwa kwa amri ya kompyuta, halina kabureta), gia za otomatiki. Asubuhi linawaka vizuri tu. Likishapata moto, nikifika kwenye taa nikakanyaga breki, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unashuka polepole, unagusa 400, usukani unatetemeka, halafu kimya. Nikipiga ufunguo linawaka palepale kama halikufanya kitu. Barabarani linavuta kama kawaida. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka hata siku moja.

Nimeshapewa ushauri wa aina 3, na kila aliyeutoa anaapa. Wa kwanza anasema nipandishe sailensa kwa skrubu, dakika 5 kazi imekwisha. Wa pili anasema nisafishe throtoli (mlango wa hewa wa injini) na valvu ya sailensa (inayopitisha hewa mlango huo ukiwa umefungwa). Wa tatu anataka ninunue valvu mpya na plagi zote. Nianze na lipi?

FundiMstaafu
La skrubu liache. Kwenye gari la nozeli, ile skrubu unayoiona kwenye throtoli mara nyingi kazi yake ni kuzuia kibati kisibane ukutani kinapofunga. Ndiyo maana utaikuta imepakwa rangi au imefunikwa. Ukiizungusha, kibati hakirudi mahali pake, sensa ya throtoli inaiambia kompyuta kwamba mguu bado uko kwenye akseleta, na kompyuta nayo inaacha kusimamia sailensa. Utapata gari linalonguruma kwenye taa na kutaka kwenda mbele huku umekanyaga breki. Ugonjwa uko palepale.

Kati ya kusafisha na kununua, anza kusafisha. Injini ikiwa sailensa inapumua kupitia upenyo mwembamba sana: ukingo wa kibati na kinjia cha valvu. Masizi kidogo tu yanatosha kuikaba. Ukiwa kwenye mwendo kibati kimefunguka, hewa inapita tele, huwezi kujua kama kuna uchafu. Tumia dawa ya kusafishia throtoli na mswaki uliochoka. Usimwagie dawa mota ya valvu. Na kama throtoli yako inaendeshwa na umeme badala ya waya, usisukume kibati kwa kidole huku swichi iko on. Baada ya hapo sailensa inaweza kuwa juu kwa muda hadi kompyuta ijifunze upya, usishtuke.

KaburetaHaifi
Kwa sisi wa kabureta skrubu si dhambi jamani! Ila hata huku haiponyi kila kitu. Kabureta ikizima sailensa na kuvuta vizuri mbele, mimi naangalia kwanza jeti ya sailensa, ina tundu dogo kiasi kwamba chembe moja ya uchafu inaziba. Kama ina solenoidi (valvu ya umeme) ya kukata mafuta, fungua swichi bila kuwasha injini, usikilize kama inapiga "tik". Isipopiga, angalia waya wake kabla ya kugusa kitu kingine. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ndiyo ya mwisho: ikaze taratibu hadi iguse tu, irudishe kama mzunguko 1 na nusu, kisha umalizie injini ikiwa moto.

DadaDereva
MkwecheWangu, umeandika "nikakanyaga breki". Linazima kwa sababu umekanyaga breki, au kwa sababu umesimama? Nauliza kwa sababu mimi niliteseka miezi. Nilibadilishiwa valvu ya sailensa, plagi, mwisho pampu ya mafuta, na gari likaendelea kuniaibisha kwenye kila makutano. Kumbe ni busta ya breki, lile sufuria jeusi nyuma ya masta silinda. Inatumia mvuto wa hewa wa injini, na ya kwangu ilikuwa imechanika ndani. Kila nikikanyaga breki, injini inavuta hewa isiyotakiwa.

Jaribu hivi: gari limesimama, gia kwenye P, injini moto. Kanyaga breki, shikilia, huku unaangalia mshale. Ukishuka au ukicheza, huenda busta ndiyo mhusika.

FundiMstaafu
Swali zuri kuliko jibu langu. Ongeza na hili: ukikaribia kusimama, weka N (gia huru). Kama N halizimi ila D (gia ya kwenda mbele) linazima, injini ni dhaifu na mzigo wa gia ndio unaimaliza, au ni gia yenyewe haiachii, kama mtu aliyesahau klachi.

MpimaMashine
Mnabahatisha sana. Kama lina soketi ya kupimia, chomeka mashine usome masahihisho ya mafuta. Taa kutowaka si ushahidi kwamba hakuna kitu. Injini ikiwa moto na sailensa, kompyuta ikionyesha inaongeza mafuta kwa zaidi ya asilimia 10, kisha ukikanyaga hadi 2500 inarudi karibu na 0, kuna mahali panavuta hewa. Tundu lilelile ambalo ni kubwa mno kwa sailensa halina maana kwenye mwendo. Hali ikiwa kinyume, mbaya zaidi ukikanyaga, tafuta kwenye mafuta: filta, pampu.

Na usikariri kwamba hewa ya wizi inazima kila gari. Lenye sensa inayopima hewa inayoingia huzima, maana hewa iliyopita pembeni haikuhesabiwa. Lenye sensa ya presha kwenye menifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) mara nyingi sailensa yake hupanda badala ya kushuka.

TairiTupu
Langu linazima hata nikiwa kwenye mwendo, ghafla, mpaka lipoe ndiyo liwake. Ni hii hii?

MpimaMashine
Hapana. Hiyo inafanana zaidi na sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) au koili ya kuwasha plagi. Fungua mada yako.

MkwecheWangu
Nimerudi. Breki kwenye P: mshale haukutikisika. N: halizimi, ila linatetemeka kwenye 550. Mashine ilisoma asilimia 18 sailensa, na 3 kwenye 2500.

Throtoli nilikuwa nimeshaisafisha kabla ya kupima. Ilitoka nyeusi tii, na siku 2 gari likatulia nikaanza kujisifu. Siku ya 3 likazima.

Basi nikatafuta hewa. Kuna aliyenishauri nipulize dawa ya kabureta kuzunguka menifoldi. Nikakumbuka ekzosi ilivyo na moto pale, nikachukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Juu hakuna kitu. Nikapitisha mkono chini ya menifoldi, nikagusa mpira mfupi uliojikunja kama kiwiko, ule unaopeleka moshi wa ndani ya injini, upande wa krenki, kutoka kwenye kava la valvu hadi menifoldi. Umelainika kwa oili hadi unanata kama ubani. Nikaubana kwa koleo: mshale ukapanda, injini ikatulia palepale. Nikauachia, ikaanza kutetemeka. Kuutoa, una ufa upande wa chini usioonekana ukiwa umesimama. Ukiwa wa baridi unafumba, ukipata moto unafunguka.

Nimeweka mpya, wa kustahimili oili. Sasa 750 kwenye P, 680 kwenye D, na halijazima wiki nzima.

DadaDereva
Na plagi je?

MkwecheWangu
Nilizitoa nikaziangalia. Ncha zilikuwa nyeupe, mafuta yalikuwa machache kuliko hewa. Nimezirudisha zilezile. Yule wa valvu mpya bado ananipigia kuuliza gari naleta lini.